Tupeane uzoefu: Mliofiwa na kaka aliyecheza kikapu chuoni, mnamkumbuka kwa lipi?

Binti wa Ujiji (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, rika langu habari zenu.

Nina kamba ya katani kabatini, ina mafundo mawili. Toka nchani hadi fundo la kwanza ni mita 3.05, kimo cha ringi kutoka chini. Hadi fundo la pili ni mita 4.60, toka ubaoni mpaka kwenye mstari wa mtupo huru. Ni ya kaka yetu mkubwa, aliyecheza kikapu chuo cha ualimu huko Tabora miaka ya tisini. Alifariki 2019. Juzi mwanangu kaichukua aanikie nguo, nikampigia kelele mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kulikoni.

Kelele zile zimenifanya niulize. Nyie wenzangu mliofiwa na kaka aliyewahi kuvaa jezi ya chuo, halafu akarudi nyumbani kuwa mtu wa kawaida tu, mnamkumbuka kwa lipi? Naanza mimi.

Mwaka 1997 alikuja likizo. Nilikuwa darasa la tano. Tulimpokea stesheni Kigoma mjini, treni imechelewa kama kawaida yake, akashuka kabeba mpira uliokwisha vipele, kautia kwenye neti ya vitunguu. Mama anamngoja amwamkie bibi, yeye anauliza fundi wa baiskeli yule wa karibu na soko bado yupo? Kesho yake nondo ikakunjwa duara. Ubao ukatengenezwa kwa mbao za mtumbwi uliooza, ukapigiliwa kwenye muembe wa nyuma ya nyumba. Jua likiwaka, kila mpira ukigonga ubao, uwanja mzima unanuka dagaa. Msimu wa embe mama alikuwa hasemi na mtu, maana nusu ya maua yalidondokea kichwani kwetu.

Jezi yake ilikuwa namba 4. Mama aliamini ndiye wa nne kwa ubora, akawa anamfariji: "Usijali mwanangu, mwakani utakuwa wa pili." Kaka hakuwahi kumsahihisha.

Baada ya hapo akaajiriwa, akafundisha hesabu miaka yote iliyobaki. Nyumbani alikuwa mkali, mchache wa maneno. Mafuta ya taa anapima, sukari anapima. Mimi kaka niliyemjua ni huyo wa kupima. Presha ikampanda kimyakimya, ikala figo, akaondoka ana miaka 44.

Siku ya kuanua tanga ndiyo wakafika watu sita kwa treni ya kutoka Tabora. Warefu, kila mmoja anainama kupita chini ya turubai, wanawake jikoni wakanong'ona kwamba ni askari. Wakakaa mkekani, miguu haina pa kwenda. Baada ya dua, Mnyamwezi mmoja mwenye mvi za kidevu akaanza utani hapohapo mbele ya wazee: "Huyu hajafa. Katolewa kwa makosa matano, yuko benchi anatuangalia."

Wenzake wakacheka huku wanajifuta macho. Sisi hatukuelewa. Ndipo akasimulia. Fainali ya vyuo, dakika mbili zimebaki, wanaongoza kwa pointi moja. Kijana wa mwaka wa kwanza, ana makosa manne tayari, kampiga mtu mkono chini ya ringi. Refa kapuliza filimbi, ila msongamano ule hajaona vizuri ni nani. Kabla hajaonyesha namba, kaka kanyoosha mkono juu. Naye alikuwa na manne. Akatoka yeye. Mitupo miwili huru ikaingia yote, wakafungwa kwa pointi moja. Timu ikamnunia wiki nzima.

Kwa nini alifanya vile? Baba wa yule kijana alikuwa amekuja toka Urambo, siku hiyo ndiyo mara ya kwanza anamwona mwanawe akicheza.

Nyumbani kaka alituambia: "Refa alituonea." Basi. Sentensi moja kwa miaka yote ile.

Wakati Mnyamwezi anasimulia, kuna mmoja kati ya wale sita alikuwa ameinamisha kichwa, anang'oa ukindu wa mkeka mmojammoja. Hakuchangia neno. Sikumuuliza jina.

Haya, karibuni.

Mama Wawili

Innaa lillahi wainnaa ilayhi raji'un. Pole dada yangu. Hapo pa ubao kunuka dagaa nimecheka, halafu nikajiona mbaya. Kwetu Kibirizi hata Kurani ya mtoto inanuka dagaa, usijali.

Kijana wa Isevya

Pole mleta mada, lakini niruhusu nitie chumvi kidogo, maana naona uzi unaelekea kwenye sukari tupu.

Kaka yangu mimi alicheza kikapu chuoni kuliko alivyosoma. Mazoezi saa kumi na moja alfajiri, mazoezi jioni, darasani anasinzia. Mwaka wa pili akaumia goti kwenye mechi. Kiongozi wa michezo wa chuo akaahidi kwamba matibabu wanashughulikia. Tukangoja. Aliyeshughulikia ni mama, kwa kuuza debe mbili za asali tulizoletewa toka Sikonge, na goti halikurudi. Mitihani akafeli, akarudishwa nyumbani bila cheti.

Baba akazipeleka raba zake shambani, akazivaa kulimia tumbaku. Kwa makusudi kabisa. Kaka anaziona kila jioni zimejaa udongo, hasemi kitu. Alikuja kufa kwa ajali ya pikipiki miaka minane baadaye, na msibani hakuna aliyetamka neno kikapu. Hao warefu wako sita walioinama kupita turubai, kwetu hakuja hata mmoja. Labda hawakuambiwa. Labda sisi ndio hatukutaka kuwaambia.

Namkumbuka kwa lipi? Kwa mlio. Alikuwa akipita barabarani akakuta watoto wanadundisha mpira wowote ule, hata wa makaratasi usiodunda, anapunguza mwendo. Na mguu ule mbovu anapunguza zaidi. Hadi leo mpira ukidunda nyuma yangu nageuka nikidhani anakuja.

Samahani kwa kuharibu hali ya hewa.

Binti wa Ujiji

Hujaharibu kaka. Hizo raba za shambani zimenikaa kifuani. Baba bado yupo?

Kijana wa Isevya

Yupo. Raba hazikuisha, ziko darini mpaka sasa. Kazifunga kwenye mfuko wa mbolea. Sijawahi kumuuliza kwa nini.

Filimbi Mzee

Wanangu, nimepuliza filimbi ya kikapu miaka mingi hapa Tabora, mechi za shule na za vyuo, kwenye viwanja vya saruji vilivyopasuka. Niseme mawili.

La kwanza, mama yako binti alikosea lakini si sana. Enzi hizo hakukuwa na namba 1, 2 wala 3 katika kikapu. Jezi zilianza 4 zikaishia 15, maana refa anaongea na meza ya waandika pointi kwa vidole, na kidole kimoja, viwili au vitatu vilikuwa vya kuhesabia pointi. Sheria ililegezwa mwaka 2014, sasa wanavaa hata 0. Kwa hiyo namba 4 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye karatasi, na timu nyingi zilimpa nahodha. Kamwambie mama.

La pili, hilo la kunyoosha mkono. Mnadhani tulikuwa hatujui? Refa anasimama hatua tatu kutoka kwenye tukio. Aliyefanya kosa anaangalia chini au anakuja juu kubisha. Asiyefanya anakutazama usoni. Mmoja niliwahi kumwambia: "Shusha mkono, si wewe." Akanijibu: "Ni mimi, mwalimu." Nikamwandika. Kisheria nilikosea na sikulala vizuri siku hiyo. Siku nyingine nimekataa kata kata, wakanizomea. Sina hakika lipi lilikuwa sahihi, nimekwisha staafu na bado sina hakika.

Mechi ya kaka yako sikuwa mimi. Ningeikumbuka.

Mha wa Kasulu

Dada pole, mzee shikamoo.

Wangu alikuwa mfupi. Ndiyo, mcheza kikapu mfupi, sentimita 168, na jina lake la chuoni sitaliandika hapa kwa heshima ya wazazi. Alikuwa mgawa pasi. Anapita katikati ya mapaja ya watu kama kuku anayekimbizwa Idi.

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies, akitokea kuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut, kaka alikata picha gazetini akaibandika dukani kwake juu ya magunia ya maharage. Mteja akija kununua kilo moja anaondoka na somo: kwamba huyu ni mtoto wa Dar es Salaam, ana mita mbili na ushee, Marekani nzima mwaka ule kapitwa na mtu mmoja tu. Kuna bibi mmoja toka kijijini akadhani ni mtoto wa mwenye duka, akatoa pongezi na kuku.

Kuku tulikula.

Kaka alipofariki tukagawana vitu, mimi nikachukua daftari la madeni. Katikati ya wadaiwa, kurasa nne amechora viduara vitano vitano na mishale, nani anapita wapi, nani anamkinga nani. Wino ni uleule wa madeni. Ina maana alikuwa ameketi dukani, mvua inanyesha, hakuna mteja, anacheza mechi peke yake. Kwenye kila mchoro kiduara kimoja kakikoleza. Ndicho kilicho na mpira, na ndicho kidogo kuliko vyote.

Mpita Njia

Swali la kiufundi kidogo. Kamba ya mleta mada mbona haina fundo la tatu, la mstari wa pointi tatu? Halafu mjue mstari huo umesogezwa. Zamani ulikuwa mita 6.25, tangu 2010 ni 6.75. Viwanja vingi vya zamani bado vina rangi ya mstari wa kale, vijana wanajisifu kumbe wanadanganywa na rangi.

Binti wa Ujiji

Fundo la tatu halikuwepo kwa sababu mita 6.25 kutoka kwenye muembe unakuwa tayari umeingia choo cha jirani. Ndiyo hivyo.

Mama Wawili

Dada nina swali, usinielewe vibaya. Mtu hanyooshi mkono uwanjani kama hajawahi kuunyoosha nyumbani. Hujawahi kumwona akibeba la mtu?

Binti wa Ujiji

Mama Wawili, nimesoma swali lako saa nne usiku, nimelijibu leo asubuhi. Katikati hapo sikulala.

Kilikuwa kioo cha chemli. Likizo ileile ya 1997. Tulikuwa na taa moja ya chemli ya sebuleni, na kioo chake kilikuwa kimetoka mbali, baba hakutaka mtu akisafishe isipokuwa yeye. Nikakisafisha. Nilitaka nionekane mkubwa. Nikatia kitambaa ndani na mkono, kikapasuka viganjani, kipande kimoja kikanichana hapa chini ya kidole gumba. Kovu lipo, nalitazama sasa hivi naandika.

Baba alipoingia akauliza mara moja tu. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda anashona neti ya ringi kwa nyuzi za nyavu. Hakuinua hata kichwa. Akasema: "Mpira uligonga." Mtu mzima wa miaka 22, mwalimu mtarajiwa, baba akamfokea mbele ya watoto wa mtaa mzima, na ringi ikashushwa wiki mbili. Mimi nilikuwa nimeficha mkono kwenye kanga ya bibi.

Jamani, nilikuwa nimesahau. Hata siku ile ya kuanua tanga, nasikiliza habari ya kijana wa Urambo, nalia, sikukumbuka. Nilikuwa nimeshamweka kaka kwenye fungu la watu wakali.

Filimbi Mzee, ulisema asiyefanya kosa anakutazama usoni. Wangu hakumtazama baba. Aliendelea kushona.

Filimbi Mzee

Basi huyo angenipita hata mimi.

Kijana wa Isevya

Nimempigia baba simu. Nimemuuliza zile raba. Kanyamaza muda mrefu nikadhani salio limekata, halafu akasema nikija nije na kiwi nyeupe. Naondoka Jumamosi.

Mha wa Kasulu

Mleta mada, ringi bado ipo?

Binti wa Ujiji

Haipo. Kutu iliila, na muembe wenyewe tuliukata miaka mitatu iliyopita, ulikuwa umeanza kuegemea bati la jirani. Umebaki mnazi, na mnazi hauchukui ubao.

Ila huyu mwanangu wa kuanikia nguo kanisomea huu uzi wote kwa sauti jana, mpaka pa chemli. Akaenda kuirudisha kamba kabatini bila kuambiwa. Leo asubuhi namkuta yuko ukutani kwa nyuma, kaegemeza ngazi, ncha ya kamba kaikanyaga kwa mguu, anatafuta fundo la kwanza linaishia tofali la ngapi.

Fundi wa baiskeli alikwishafariki, kuna mjukuu wake anachomelea mageti pale barabarani. Nikitoka sokoni nampitia kuuliza bei ya nondo ya milimita 16.