Naombeni ushauri: virusi vinaweza kutibu mimea iliyoshambuliwa na kuvu?

MwanaMaabara
Habari wakuu. Niko mwaka wa mwisho, shahada ya biolojia. Kwenye mradi wangu nataka kutafuta kuvu wa mimea walioambukizwa virusi, niwapake kwenye mmea mgonjwa, kisha virusi vihamie kwa kuvu waliomo na kuwadhoofisha. Msimamizi kaniuliza vitahamaje. Niendelee au nibadili mada?

Tafiti_Kwanza
Usibadili mkuu. Swali hilo ndilo mradi wenyewe.

Virusi vingi vya kuvu havina maisha nje ya seli. Hupita pale nyuzi za kuvu wawili zinapoungana, au hurithiwa kupitia spora (chembe za uzazi za kuvu). Na nyuzi haziungani ovyo: kuvu wa makundi yasiyopatana wakigusana, seli za mpakani hufa na virusi hukwama hapo.

Soma habari za michestinati (miti ya chestnut). Kuvu Cryphonectria parasitica alionekana New York mwaka 1904, akaangamiza miti kwa mabilioni Marekani. Italia alionekana 1938, lakini kufikia miaka ya 1950 baadhi ya madonda kwenye magome yalikuwa yanapona yenyewe. Baadaye ikajulikana ni kazi ya kirusi kinachomdhoofisha kuvu, leo kinaitwa CHV1. Ulaya wamekuwa wakipaka kuvu wenye kirusi hicho kwenye madonda, na sehemu nyingi imesaidia. Marekani walijaribu hivyo hivyo, kirusi hakikusambaa vya kutosha, sababu kubwa ikiwa wingi wa makundi yasiyopatana. Inauma sana, maana misitu ya huko ilikuwa inaihitaji tiba hiyo kuliko mahali pengine popote.

BiSpora
Naongezea, mdogo wangu: usianze ukiamini kirusi ni adui wa kuvu. Kule Yellowstone, hifadhi ya taifa huko Marekani, kuna nyasi zinazoota kwenye udongo wa moto, na ndani yake anaishi kuvu Curvularia protuberata. Utafiti wa 2007 ulionyesha kuvu huyo akiondolewa kirusi chake, nyasi hazistahimili tena joto. Kikirudishwa, zinavumilia udongo wa nyuzijoto 65. Hamira nazo, ambazo pia ni kuvu, zipo zenye virusi vinavyozipa sumu ya kuua hamira nyingine.

Kwa hiyo linganisha kuvu yuleyule akiwa na kirusi na akiwa hana. Bila hivyo hutajua ulichokiona kimeletwa na nini.

MwanaMaabara
Asanteni sana. Hakuna virusi vinavyoambukiza bila nyuzi kuungana?

Tafiti_Kwanza
Vipo, ila ni nadra. SsHADV-1, kirusi cha DNA kilichoelezwa na watafiti wa China mwaka 2010, humwingia kuvu Sclerotinia sclerotiorum kikitokea nje.

Kwa muda ulio nao, chukua spishi moja tu. Otesha sampuli mbilimbili kwenye sahani moja, uone zipi zinaungana na zipi zinaacha mstari wa seli zilizokufa katikati. Ukishazipanga kwa makundi, pima kama zina RNA yenye minyororo miwili (dsRNA), ambayo ni dalili ya virusi. Virusi vingi vya kuvu hugundulika kwa njia hiyo.