Arrowroot ya kufanya mchuzi uwe mzito ni nduma ama ni kitu ingine?

MamaPacha_Ruiru
Wapishi msinicheke. Nimepata resipe ya kuku wa machungwa na tangawizi, inasema mwishoni weka kijiko cha unga wa arrowroot mchuzi ushikane. Mimi nikajua si ni nduma tu, nikamenya moja nikaikwaruza nikaanika siku mbili nikasaga kwa blenda. Mchuzi ukatoka rangi ya jivu na watoto wakaanza kulia koo linawasha, mzee akala ugali na maziwa lala kimyaaa. Nimekosea wapi?

kibonge_wa_Temeke
Pole dada ila nimecheka 😂 Hayo sisi tunaita magimbi, na gimbi lisipoiva sawasawa lazima liwashe, lina vijisindano vya oksaleti vinachoma koo, sasa wewe umelitia mchuzi ukiwa tayari, liive saa ngapi? Ile ya pakiti ni mmea mwingine kabisa, maranta, wa huko Amerika ya Kusini na Karibi, kisiwa cha St Vincent walilima sana. Mzizi unasagwa, unaoshwa, unaochukuliwa ni ule wanga mweupe unaotuama chini.

MamaPacha_Ruiru
Na sokoni tunaita arrowroot tangu utotoni jamani!

mama_wa_baridi
Niko Toronto, hiyo ya pakiti natumia kila wiki juu kijana wangu hali ngano. Kijiko kikubwa kimoja kwa kikombe cha mchuzi, koroga kwanza na maji BARIDI ukiweka mkavu utapata madonge. Ukishashikana tu zima moto, ukiuacha utokote sana unarudi kuwa maji. Unabaki unang'aa, na machungwa au ndimu hayauharibu. Lakini kwa maziwa usijaribu, unavutika kama mlenda, mimi nilimwaga sufuria nzima.

Bi_Kibokoni
Bibi yangu alikuwa na uwanga wake, mzizi wa mwituni mchungu ajabu, unakunwa unaoshwa maji mara nyingi hadi uchungu utoke, akipikia mgonjwa uji. Wanga wa huo ndio unaofanana na hiyo arrowroot, si nduma. Lakini mwanangu kwa mchuzi wa kuku mbona ujisumbue, chukua konflawa, mchuzi hautang'aa hivyo ila hapana mtu atakayewashwa.

MamaPacha_Ruiru
Shukran Bi. Konflawa basi. Nduma zilizobaki nimechemsha saa nzima, tunakunywa nazo chai saa hii na mzee ameanza kuongea.