Naomba ushauri: kidato cha pili hawawezi kujumlisha sehemu

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha hisabati sekondari ya kata, darasa moja lina wanafunzi 78. Juzi niliwapa 1/2 + 1/3. Zaidi ya nusu waliandika 2/5: wamejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu), asili kwa asili (namba za chini). KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili) hawawezi kuitafuta kwa sababu jedwali la kuzidisha lenyewe hawalijui. Ukimuuliza 7 × 8, mtoto anachora vijiti pembeni mwa daftari, anahesabu kimoja kimoja mpaka 56, na kipindi cha dakika 40 kinayoyoma.

Si wavivu hawa. Nikieleza kwa Kiswahili wananyoosha mikono. Nikirudi kwenye Kiingereza cha kitabu, kimya. Inaniuma sana.

Upimaji wa taifa ni mwisho wa mwaka, na mada ya logarithimu bado hatujaigusa. Nimejaribu kutumia dakika 10 za mwanzo kwa jedwali, lakini wachache wanaojua wanachoka kusubiri.

Mliowahi kupita hapa, darasa kubwa hivi mliligawaje? Na masomo ya jioni yanawezekana kweli kwa watoto wanaokaa mbali na kurudi kwa miguu?