CD16a kwenye jeli imetokea nzito karibu mara mbili: ndiyo yenyewe au siyo?

BintiPangani
Wakuu habarini. Tumeletewa protini ya kipokezi cha binadamu, CD16a, ile ya seli za NK (seli za kinga), inayoshika kingamwili. Ni kipande cha nje tu chenye mkia wa histidini, kimetengenezwa kwenye seli za HEK293. Kwa hesabu ya amino asidi uzito ni kama kilodaltoni 22. Kwenye jeli ya kupima uzito wa protini mstari umekaa juu ya 40, tena mpana, umetawanyika. Bosi anataka tuirudishe, anasema tumeuziwa kitu kingine. Naombeni msaada kabla barua haijaenda.

FundiSeli
Dada, izuie hiyo barua. Hiyo 22 ni protini tupu. CD16a ina sehemu 5 za kushikia sukari, na HEK293 ni seli za binadamu, zinazipachika. Molekuli moja hubeba nyingi, nyingine chache, ndiyo maana mstari ukatanuka. Mimi ningeingiwa na wasiwasi kama ungeona mstari mwembamba penye 22: hiyo ndiyo sura ya protini iliyotoka kwa bakteria E. coli, ambao sukari hizo hawaziweki.

Mtolee bosi ushahidi. Chukua protini kidogo, ichemshe na SDS na DTT (kemikali za kuikunjua), ongeza NP-40, sabuni laini (ukiiacha, SDS itakiua kimeng'enya), kisha tia PNGase F, kimeng'enya chenyewe cha kukata sukari, nyuzi 37, saa moja. Pitisha iliyokatwa na isiyokatwa bega kwa bega. Mstari utashuka karibu na 22. Ukiona mwingine mwembamba kwenye 36 hivi, huo ni PNGase F yenyewe.

Ila iliyokatwa usiitumie kwenye kipimo cha kushika kingamwili! Sukari iliyo kwenye asparajini ya 162 hukutana na sukari ya kingamwili, na kingamwili isiyo na fukosi (aina ya sukari) hushikwa kwa nguvu zaidi sana. Mkitafiti kingamwili, hapo ndipo penye utamu wote.

BintiPangani
Asante sana kaka, nimepumua. Kwenye ELISA, kipimo cha rangi cha kingamwili, je? Seramu za wagonjwa zinatoa rangi hafifu mno.

FundiSeli
Angalia kwanza kama CD16a yenu ni 158V au 158F, yaani matoleo mawili yanayotofautiana amino asidi ya 158. V hushika IgG1 (aina ya kingamwili za IgG) vizuri kuliko F. Hata hivyo IgG ikiwa moja moja inashikwa kidogo tu, ukiosha inaondoka. Iache ijikusanye kwanza juu ya antijeni, halafu ndipo ulete kipokezi chenye biotini, umalizie na streptavidini inayoishika biotini hiyo.

Mzee wa Friza
Niongeze la utunzaji. Kabla ya kufungua kichupa kizungushe kwenye sentrifuji, unga wa protini hukwama kwenye kifuniko. Yeyusha polepole bila kutikisa kwa nguvu, gawa kwenye tyubu ndogondogo, weka nyuzi hasi 80. Tyubu ikishatoka friza ikayeyuka usiirudishe kugandisha. Na namba ya bechi iandike kwenye kila tyubu, siyo kwenye boksi tu.