Virukia, mimea inayoota juu ya miti na kuinyonya, vinamaliza miembe ya mjini, na waliokuja na msumeno wametukatia matawi mazima!

Assalaam alaykum. Leo sina salamu ndefu, nimejaa mpaka hapa kooni.

Nnakaa Ng'ambo, hapa Unguja mjini, kwenye mmoja wa mitaa inayoanza na "Mwembe". Siutaji, maana nikiutaja mtaijua na nyumba. Wenyeji mnajua ilivyo: Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Mwembemakumbi, Mwembenjugu. Mji mzima unaitwa kwa miti. Sasa itafuteni hiyo miembe yenyewe! Na ile michache iliyobaki, msiitazame shina, shina limepakwa chokaa limependeza. Inueni vichwa mtazame juu.

Vile vichaka vilivyofungamana huko juu kama viota vikubwa, majani manene, kijani chake si cha mwembe, na vijiua vyembamba kama mirija, si sehemu ya mwembe. Ni virukia. Wengine mtasema mmeviona miaka yote mkadhani mti umestawi. Hata mie nilidhani hivyo, siwacheki.

Kirukia hakigusi ardhi maisha yake yote. Ndege anakula tunda lake, na mbegu imezungukwa na utomvu unaonata kama ule ulimbo wa fenesi tuliokuwa tukitegea ndege udogoni. Ndege akijifuta mdomo tawini, au akinya, mbegu ishaganda hapo. Haitaki udongo, haitaki kumwagiwa maji. Inatoa mzizi unaotoboa gome mpaka ndani ya mti, inaanza kunyonya. Chakula inajipikia wenyewe kwa jua, ndiyo maana ina majani mabichi. Lakini maji na chumvichumvi zote ni za mwenye nyumba. Mgeni wetu sisi siku ya tatu anapewa jembe. Huyu hajapewa jembe miaka na miaka, na kila mwaka analeta ndugu zake.

Ubaya wake hasa unauona kaskazi. Jua la Januari na Februari linapochoma, mti unabana matumizi, unafunga majani usipoteze maji. Kirukia hakibani. Kinaendelea kumwaga maji hewani kama kimekaa kando ya mto, na anayelipa ni mwembe. Matawi yanaanza kukauka nchani, kirukia bado kinameremeta. Mtu anapita chini anasema "mashaallah, mti mbichi huu". Mbichi nini! Ubichi si wake.

Basi mwembe wetu ni wa boribo, mkubwa, mzee kuliko yeyote aliye hai mtaani. Chini yake pana watu wa bao, pana bibi wa vitumbua tangu alfajiri, watoto wakitoka chuo cha Kurani wanapumzika hapo. Miaka mitatu nyuma nilihesabu virukia vitatu. Mwaka huu nimepanda darini kwa jirani nikahesabu kumi na tisa, na upande wa barabarani sikuuona vizuri.

Nikaenda kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa. Muungwana, alinisikiliza, akaniandikia barua. Barua nikaipeleka ofisi ya kwanza: "Mti uko kandokando ya barabara, huo si wetu." Ofisi ya pili: "Sisi tunashughulika na barabara yenyewe, miti hapana." Ofisi ya tatu nikaambiwa mti wa mjini si msitu, nirudi ya kwanza. Nikarudi. Aliyeshika faili yuko likizo. Jamani, mti una umri wa kumzaa babu yangu, haujulikani wa nani! Miembe ya njia ya Bungi, ambayo wazee wanaihadithia kwa jina la Bi Khole binti Sayyid Said, watalii wanasimamishiwa gari waipige picha. Huu wetu haujapata binti wa mfalme, basi ufe tu.

Siku moja asubuhi nasikia msumeno wa mashine. Nikatoka mbio na msuli kiunoni, nina furaha, nasema alhamdulillahi barua imefanya kazi. Vijana wanne, gari la mizigo, ngazi moja. Ngazi haifiki juu! Wamefanya nini? Wamekata matawi ya chini. Matawi MAZIMA, hayana kirukia hata kimoja, ndiyo yaliyokuwa yanatupa kivuli. Nikamuuliza mkubwa wao, na vile vya juu je? Akaniambia, "Mzee, sisi tumetumwa kupunguza matawi, hatukutumwa majani." Kuni wakapakia, wakaondoka. Wiki ile ile wakaja wengine wakapaka chokaa shina, maana kulikuwa na msafara unapita.

Masika yalipoingia na upepo, tawi lililokuwa limekaushwa na virukia vitano likashuka alfajiri. Likaivunja Vespa ya mzee mmoja na kiti cha bibi wa vitumbua. Bibi mwenyewe siku hiyo alichelewa kwa sababu mjukuu wake alikuwa na homa. Homa ya mtoto ndiyo iliyomwokoa, si ofisi ya mtu yeyote.

Na kazi yenyewe si ya kuagiza wataalamu kutoka nje. Tawi lenye kirukia linakatwa kiasi cha futi moja chini ya pale kilipoota, upande wa shinani, kwa sababu mzizi unatambaa ndani ya tawi huuoni. Ukikwanyua kichaka peke yake umekinyoa tu, kitarudi. Kikiwa kwenye shina au tawi kubwa lisilokatika, hapo ndipo unakikwanyua kila kikichipua, usikiache kizae. Na ufanye kabla matunda hayajaiva, si baada ya ndege kushasambaza mtaa wa pili. Panga, kamba, ngazi ndefu. Basi!

NYONGEZA, saa nne usiku: Naona mshaanza kunijibu.

Anayesema "ukateni mti wote mpumzike", wewe unakaa wapi? Kwenye kiyoyozi? Njoo ukae hapa saa saba mchana uniambie tena.

Anayesema kirukia ni dawa, kisiguswe. Sibishani na dawa ya mtu. Huku juu vipo kumi na tisa, toa vitano vilivyoanguka na tawi. Njoo na kapu uvune vyote, mie nakushikia ngazi.

Ndugu uliyeko Uingereza unayecheka kwamba huko Krismasi watu wanapigana busu chini ya kirukia: kweli, na nasikia kule Tenbury Wells kinauzwa mnadani kwa mafungu. Kile ni jamaa yake tu, kina vitunda vyeupe. Lakini kama soko lipo tuletee meli, hapa tunatoa bure.

Na aliyesema ndege wanakihitaji, hilo nakukubalia. Porini kikae, kina kazi yake, ndege aina ya chozi wanafyonza maua yake na mie napenda kuwatazama. Nnachogombea ni mwembe mmoja mzee uliozungukwa na saruji pande zote, mizizi haina pa kunywea, halafu juu una wanywaji kumi na wanne.

Tumeshakubaliana barazani, Ijumaa ijayo baada ya Alasiri tunapanda wenyewe. Kamba ipo, panga zipo, kijana mkwezi wa minazi kakubali ila kasema mwembe si mnazi, anataka ngazi ya kumfikisha kwenye panda ya kwanza. Mwenye ngazi ya futi thelathini, ya mbao au ya bati, aniandikie. Tutaifuata wenyewe na mkokoteni, na tutairudisha kabla ya Magharibi.