Kujiangusha na kumdanganya refa kwenye basketi ya vyuo Marekani: adhabu iliyopo inatosha?

Mleta mada:
Wadau wa basketi, naomba hili tuliongee bila ushabiki wa timu. Kwenye basketi ya vyuo kule Marekani anayemdanganya refa bado anatoka na faida, na mimi nasema tatizo siyo tabia za vijana peke yake, ni hesabu. Tangu msimu wa 2021/22 NCAA (wasimamizi wa michezo ya vyuo) upande wa wanaume ukikamatwa umejiangusha unapigwa tekniko, yaani faulo ya utovu wa nidhamu, mpinzani anapewa mtupo huru mmoja. Mmoja tu! Lakini refa akiingia mkenge, staa wa mpinzani kabebeshwa faulo, zikifika tano katoka, na mpira mnachukua nyie. Sasa hapo kocha gani atamkataza kijana wake?

Angalieni wanavyofanya. Beki anasimama nje kidogo ya ile nusu duara ya chini ya goli, anasubiri aguswe kifua tu, hapohapo kichwa nyuma, mikono hewani, ukelele, anateleza kwa mgongo mpaka nje ya mstari. Refa aliyekuwa nyuma yao kaona migongo tu na kasikia ukelele, anapuliza. Wengine ndo wabaya zaidi, kwenye kugombea ribaundi (mpira uliokosa goli ukarudi) anaubana mkono wako kwapani kwake halafu anaanguka, ionekane wewe ndo umemvuta.

Na rafu za waziwazi nazo hivyohivyo. 1992 Christian Laettner wa chuo cha Duke alimkanyaga kifuani Aminu Timberlake wa chuo cha Kentucky akiwa kalala chini, akapigwa tekniko akaendelea kucheza, na ndo huyohuyo aliyefunga la ushindi mwisho kabisa wa muda wa nyongeza, 104 kwa 103. Grayson Allen, Duke pia, Februari 2016 kawatega miguu watu kwenye mechi mbili tofauti akaishia kukemewa, Desemba akarudia tena dhidi ya chuo cha Elon, kocha Krzyzewski akamsimamisha bila kutaja mwisho, ikaja kuwa mechi moja. Moja!

Mchangiaji:
Mkuu hoja ipo ila unachanganya. Laettner na Allen hawakumdanganya mtu, dunia nzima iliona. Halafu kuchukua chaji, yaani beki kusimama agongwe ili faulo iende kwa mshambuliaji, ni ulinzi halali kabisa, inataka roho ngumu kusimama mbele ya mtu mwenye kilo mia anayekuja mbio, mkianza kumwadhibu kila anayeanguka mabeki wataacha kusimama, itakuwa ni kupishana tu kwenda kufunga. Na marefa wako watatu uwanjani, waachiwe kazi yao.

Mleta mada:
Laettner na Allen nimewaweka kwa sababu ugonjwa ni uleule, faida kubwa kuliko adhabu. Kuhusu chaji, anayegongwa kweli namheshimu sana na huyo ndo anayeumizwa na hawa waigizaji, maana refa akishadanganywa mara mbili, ya tatu ikija ya kweli anaacha kupuliza, kijana wa watu kapigwa bega la kifua na faulo hapati. Sheria yenyewe ilishaliona hilo, 2023 wakabadilisha kwamba beki awe ameshakaa kwenye nafasi yake pale mshambuliaji anapokanyaga ili aruke. Imesaidia kwa wanaochelewa, ila anayejirusha akiwa kwenye nafasi sahihi haimgusi.

Marefa siwalaumu, mchezo una kasi mno na huwezi kusimamisha mechi kila mtu akianguka, dakika za mwisho zenyewe zinachosha kwa kuangalia video. Ndo maana nataka iangaliwe baada ya mechi. NBA, ligi ya kulipwa ya huko huko, msimu wa 2012/13 walianza kupitia mikanda na kuwatoza faini waliojiangusha. Huku vyuoni faini siitaki, anyimwe kucheza. Ukionekana kwenye video umemdanganya refa, mechi inayofuata unakaa benchi kipindi kizima cha kwanza, ukirudia ni mechi nzima. Kocha akikosa beki wake dakika 20, mazoezini ataanza kufundisha kitu kingine.

Anayeona ni kali sana aje na adhabu yake ila aniambie kocha atapoteza nini.