Tupeane uzoefu: sukari ya mimba na mtoto aliye tumboni

Wapendwa, habari zenu. Mdogo wangu ana mimba ya miezi sita, juzi kliniki wamemwambia sukari iko juu. Nyumbani wanasema mbona mzima tu, aache wasiwasi. Mimi sikubaliani nao, maana nimepitia. Niligundulika wiki ya 26, wakaninywesha glukosi gramu 75, wakapima damu kabla na baada. Dalili sikuwa nayo hata moja. Daktari alinieleza kwamba sukari ya mama hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto, ila insulini ya mama, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haipiti. Kongosho la mtoto hulazimika kutoa insulini nyingi, na hiyo ndiyo inayomnenepesha. Mliopitia, watoto wenu walizaliwaje?

Mama Nasra: Wangu kilo 4.6. Kichwa kilitoka, bega likanasa. Wakunga walinikunja magoti hadi kifuani, mwingine akakandamiza juu ya kinena, ndipo akatoka. Mkono mmoja ulilegea, tukahangaika na mazoezi ya viungo kwa miezi. Sasa anarusha mpira, alhamdulillah. Lakini naumia sana nikisikia watu wanasifia mtoto mkubwa tumboni kuwa ndiyo afya.

Bibi Harusi: Pole dada. Mimi nilichoma insulini, nikapunguza wali, chai bila sukari, dona kidogo na mboga nyingi, na kutembea kila baada ya kula. Wangu kilo 3.2.

Mpwani: Mimi nilikuwa na kisukari kabla ya mimba, na hapo hatari huanza mapema zaidi. Moyo na uti wa mgongo wa mtoto hujengeka wiki za mwanzo, wengine hata hawajajua wameshika mimba. Wenye kisukari, shusheni sukari kwanza ndipo mbebe.

Nesi wa Watoto: Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafla, lakini insulini ya mtoto bado ni nyingi, hivyo sukari yake hushuka. Ndiyo maana tunamtoboa kisigino kumpima. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Akitetemeka, akilegea au akikataa ziwa, mwite nesi hapo hapo. Na huyo mdogo wako, mtoto akipunguza kucheza tumboni aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.

Mleta mada: Asanteni mno. Akishajifungua ataacha dawa?

Nesi wa Watoto: Wengi huachishwa, ila daktari ndiye aseme. Arudi kupima kati ya wiki ya 6 na ya 12.